Mistari Mitatu Niliyoifuta

Wadogo zangu wa biro, ofisi yetu ile, siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, kana kwamba sasa ndipo nahitaji kujua wakati. Mkanishika mkono mkaniomba niandike kumbukumbu za kazi. "Hata kidogo tu, Mama Zuhura, zitatusaidia." Hamkusema zitawasaidia nini. Sasa ni wiki ya tatu nimekaa nyumbani Bwiza, humu humu Bujumbura. Nimepanga upya kabati la vyombo mara mbili, nimegombana na kila jirani mwenye redio, na naona heri niandike kabla mtaa haujanichoka. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua, maana ni hiyo hiyo yenu.

Kazi yangu ilikuwa kuchambua sera za mazingira kwa ajili ya kamati ya bunge. Kwa Kiswahili cha nyumbani ni hivi: wabunge wanatakiwa waamue mambo ya mito, ziwa, misitu na takataka. Mimi nasoma yale wasiyopata nafasi ya kuyasoma, naenda kuangalia kwa macho, kisha nawaandikia waelewe. Marehemu mama yangu alifariki bila kuielewa kazi hiyo. Wageni wakimwuliza alijibu, "Zuhura anaandikiaka madepite barua," yaani wabunge. Majirani ndio walioielewa, kwa hasara yangu. Mtaro ukiziba walinigongea mlango mimi. "We si wa mazingira? Kuja uone mazingira yako inanuka!"

Siku ya kwanza nilifika na diploma yangu ya kilimo ndani ya bahasha, nimevaa kitambaa kipya cha kichwani, nikidhani ziwa lote limekuwa likinisubiri. Nikaonyeshwa meza iliyotazamana na mashine ya fotokopi. Katibu wa kamati alikuwa Mzee Deo, mtu wa milimani, mwembamba, mwenye sweta ya kijivu hata jua likiwaka vipi. Hakuniuliza nimesoma wapi. Aliniwekea ripoti nene juu ya mmomonyoko wa udongo, akaniambia niisome mpaka mchana. Mchana akaja na vikombe viwili vya chai, akaketi.

"Sasa niambie kwa mudomo," akasema. "Umalize kabla chai haijapoa."

Nikaanza. Nilimweleza utangulizi, nikamweleza mbinu za utafiti, nikamweleza aina za udongo. Nilipofika kwenye udongo wa tatu, Mzee Deo alitia kidole ndani ya kikombe chake.

"Imepoa," akasema. "Depite amesinzia. Sheria imepita. Mulima umeanguka."

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na wallahi sijapata shule nyingine iliyonifaa kuliko ile. Wiki nzima nilimsimulia Mzee Deo ripoti, naye akitia kidole chake kwenye chai. Siku nilipomaliza ikiwa bado ya moto, aliinywa yote. Kisha akanipa sheria ya pili, ile mnayoifuata mpaka leo bila kujua imetoka kwa nani: ukurasa mmoja. "Ukurasa wa pili unasomwa na mende," alisema. Kila kitu cha nchi hii, kiwe ziwa, kiwe msitu, ni lazima kiingie kwenye ukurasa mmoja, na juu yake vitangulie vyeo vya wote waliohudhuria.

Vyombo vyangu vya kazi vilikuwa vitatu. Cha kwanza ni kalamu ya rangi nne, ile nene ya wanafunzi. Nikiwa nje kwenye ziara niliandika kwa bluu nilichokiona mwenyewe, kwa nyeusi walichosema wakubwa, kwa nyekundu walichosema wenyeji, na kwa kijani nilichofikiri mimi. Kijani haikupata kufika kwenye mashine ya kuchapa hata siku moja. Cha pili ni fimbo ya mkaratusi niliyoitia alama za mita, maana kuuomba utepe wa kupimia wa ofisi kulihitaji sahihi tatu na mimi sina subira hiyo. Cha tatu ni buti za mpira, nilizonunua sokoni siku ya mshahara wa kwanza. Buti hizo zilikaa chini ya meza mwaka baada ya mwaka bila kuona tope. Sababu yake ni kwamba ziara za kamati zilifanyika kiangazi, barabara zikiwa kavu na waheshimiwa wakiwa na nafasi. Mimi nimekwenda kukagua karibu kila mafuriko ya mji huu nikiwa nimefunika pua kwa sababu ya vumbi.

Ziara zenyewe mnazijua. Mahema, viti vya plastiki, Fanta, risala, na palipokusudiwa kuonwa pamefagiliwa tangu alfajiri. Tuliwahi kwenda kukagua malalamiko ya takataka mahali fulani, tukakuta ardhi safi kuliko sebule ya mama yangu. Waheshimiwa wakawapongeza wenyeji kwa usafi. Wenyeji ndio waliokuwa wamelalamika. Walipiga makofi, maana wangefanya nini?

Na kwenye vikao mchambuzi hasemi. Hilo nalo nilifundishwa mapema. Anakaa nyuma ya mwenyekiti, na akiwa na neno analiandika kwenye kikaratasi, anakipitisha begani. Mwenyekiti akipenda, anakisoma kama lake. Nimeyasikia maneno yangu kwa sauti nyingi za wanaume, mengine yakipigiwa makofi, na mimi nikipiga nao. Niliwahi kusikiliza kikao kizima juu ya kupanda kwa maji ya ziwa, kila mheshimiwa akieleza alipokuwa akiogelea ujanani na ufuko ulikuwa wapi wakati huo. Mabishano yakawa makali, mmoja akakasirika kabisa, akasema yeye alizama pale na hawezi kudanganywa. Siku nyingine kiboko alitoka ziwani akala bustani ya mtu, malalamiko yakafika kwetu, na mimi nikatakiwa niandae ukurasa wenye msimamo wa kila upande. Nikauandaa. Upande wa kiboko nilipata shida kidogo.

Mnaona nacheka. Nilicheka hivyo hivyo miaka mingi, na nilikuwa hodari, msinione najisifu. Ukitaka ripoti nene igeuke ukurasa mmoja, unamwita Zuhura. Wabunge wa kamati nyingine waliniazima. Nikavimba kichwa, na ndipo ikaja habari ya Carama.

Huko Carama, kaskazini mwa mji, pale nyumba zinapoanza kuchanganyika na mashamba, kuna mto mdogo uliochimba korongo. Kila masika udongo ulikuwa ukimeguka karibu na nyumba tisa zilizo chini ya barabara mpya. Ofisi moja ya mji ikaleta mpango: nyumba zile tisa zibomolewe, watu wahamishwe, kwa kuwa mto unazila. Wakaomba kamati iunge mkono. Tukaenda kuona. Kiangazi, bila shaka. Mto ulikuwa uzi wa maji ambao kuku angeuvuka bila kulowa tumbo.

Waheshimiwa wakiwa hemani, mimi nilishuka na fimbo yangu kupima umbali kutoka korongo hadi nyumba ya kwanza. Mwanamke mmoja alikuwa akimwagilia lengalenga, mchicha wa huku kwetu, kwa kopo. Aliitwa Mama Sifa, mtu wa Uvira, Kongo, aliyekimbilia Bujumbura na kukaa pale miaka tisa. Akaniangalia ninavyopima, akatikisa kichwa.

"Mama, unapima fasi si yake."

"Nipime wapi?"

"Maji haitoke ku muto. Muto iko chini, maji inapandaka? Inatoka kule juu, ku barabara mupya." Akanyoosha kopo. "Walijenga mufereji, wakafika pale, wakaacha. Mvua ikinyesha, maji yote ya barabara inashuka huku kwetu. Njo inakula udongo."

Nikaandika kwa nyekundu. Nikamwuliza mto wenyewe haujai? Akasema unajaa, lakini haujawahi kumfikia mtu. Nilipotaka kupanda nikauone huo mfereji, dereva alikuwa ameshapiga honi mara mbili. Waheshimiwa walikuwa wamemaliza Fanta.

Kesho yake nikachapa. Ukurasa ulikuwa mzuri, umenyooka, ila ulizidi. Mistari mitatu ilikuwa imeangukia ukurasa wa pili, imekaa peke yake huko juu. Ilikuwa mistari ya Mama Sifa. Nikatafuta cha kupunguza. Vyeo vya waheshimiwa? Haviguswi. Shukrani kwa viongozi waliotupokea? Ningeitwa mkosa adabu. Nikaangalia tena ile mistari mitatu, na sababu ikanijia haraka, kama zinavyokuja sababu za kupunguza kazi: huyu ni mwenye nyumba, anatetea nyumba yake. Mtu hawezi kuwa shahidi wa paa lake mwenyewe. Nikaifuta. Ukurasa ukabaki mmoja, Mzee Deo akausoma amesimama, akasema, "Huu njo ukurasa." Nilifurahi siku nzima. Kamati ikaupitisha bila kuhamisha hata koma: nyumba tisa ziondolewe kabla ya mvua kubwa.

Mvua za kwanza zilipoanza, Jumamosi moja asubuhi, nilikuwa ukumbini kwetu Bwiza nachagua mchele. Mama akaingia na mgeni. "Zuhura, kuna mutu wa mitaro," akasema, akijua kila mgeni wangu ni wa mitaro. Alikuwa Mama Sifa, kanga imelowa mpaka magotini. Mwenyewe nilikuwa nimemwambia natoka Bwiza, na Bwiza ukimwuliza mtu wa tatu, wa pili ameshakuleta mlangoni.

Alikataa chai. Akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Walikuja na rangi," akasema. "Musalaba mwekundu ku milango yote. Wametupa wiki mbili. Nikauliza ni nani amesema? Banasema ni karatasi ya Bunge. Nikauliza, ni ya ule mama wa kalamu ya rangi mingi? Banasema ni ile ile."

Nikauweka ungo wa mchele chini.

"Mi nilikuambia maji inatoka wapi," akasema. Hakupandisha sauti, na bora angepandisha. "Uliandika. Niliona na macho yangu, rangi nyekundu. Sasa ilienda wapi?"

"Haikutosha," nikasema.

"Haikutosha nini?"

Jamani, mwelezeni ninyi. Nilimwambia ukurasa ulijaa. Alinitazama kama mtu anayengoja sentensi imalizike, na ilikuwa imeshamalizika. Mama yangu, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia, akasema, "Karatasi imeisha, Zuhura? Mu Bwiza yote karatasi imeisha?" Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mheshimiwa yeyote.

Mama Sifa akaanza kunitajia nyumba moja moja. Ya fundi wa baiskeli asiyekuwa na mguu. Ya mjane aliyelea wajukuu watano. Ya vijana wawili ndugu waliofyatua matofali yao wenyewe misimu mitatu. Akaendelea hivyo, nyumba baada ya nyumba, na mvua ikaanza tena juu ya mabati. Nikavaa buti.

Tulipofika Carama sikuhitaji fimbo. Ule mfereji wa mawe ulishuka kando ya barabara, mzuri, umejengwa na watu wanaojua kazi, kisha ukakoma ghafla juu ya mteremko, hatua chache juu ya nyumba. Maji yote ya barabara yalitoka pale yakiruka, mekundu, yakashuka katikati ya nyumba yakichimba. Mto, chini huko, ulikuwa umejaa kiasi na unapita zake bila kumgusa mtu. Nilisimama kwenye tope kwa mara ya kwanza katika kazi yangu, nikaona nilichokifuta.

Jumatatu nikamwendea Mzee Deo. Alikuwa amebakiza miezi mitatu astaafu, ameshaanza kubeba vitu vyake nyumbani kidogo kidogo, leo kikombe, kesho kamusi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Karatasi yenye kashe, yenye muhuri, haikosei, mwanangu," akasema. "Iko njia. Andika kwamba hali imebadilika. Kamati itapanga ziara mupya, wataona, watarekebisha. Hakuna mutu ataulizwa."

"Ziara mpya lini?"

"Kiangazi."

"Nyumba zina wiki mbili, Mzee. Na hali haijabadilika. Maji yalikuwa yanatoka pale pale siku ile na mimi niliambiwa."

"Basi unataka uandike nini?"

"Kwamba nimekosea. Nikiandika hivyo uamuzi unakosa miguu, wanaweza kuufuta siku hiyo hiyo."

Alivua miwani akaifuta kwa sweta. Katika miaka yake yote, aliniambia, hajawahi kuona karatasi ya namna hiyo ikiingia kwenye kikao, na hajui hata inawekwa kwenye faili gani. Akaongeza kwamba kandarasi yangu inasainiwa upya kila mwaka na watu hao hao. Nilijua. Niliogopa, sitawadanganya. Nilikuwa na mama mzee nyumbani na kazi niliyoipenda kwa moyo wangu wote. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na mimi nguo nilikuwa nimeivua Jumamosi mbele ya mama yangu. Mzee Deo akanyanyuka, akaniletea chai. Hakutia kidole.

Kikao kilikuwa Jumatano. Nilikaa nyuma ya mwenyekiti, mvua ikipiga madirisha, nikaandika kikaratasi: "Ukurasa wa Carama una kosa, na kosa ni langu. Maji yanatoka kwenye mfereji wa barabara, si mtoni. Niliambiwa, nikafuta." Nikakipitisha begani. Mwenyekiti akakisoma, akakiweka chini ya kikombe chake, akaendelea na ajenda. Nikangoja. Akafika mwisho wa ajenda ya kwanza. Ya pili. Nikaandika kingine: "Zimebaki siku kumi." Hicho alikigeuza akakitazama nyuma, labda akidhani kuna maelezo zaidi.

"Madame Zuhura," akasema hatimaye, bila kugeuka. "Unasema nini hapa?"

Nikasimama. Chumba kizima kilishangaa, maana wengine hawakuwa wamewahi kusikia sauti yangu. Nilieleza kama nilivyofundishwa, kabla chai haijapoa. Nikaketi.

Wakajadili saa nzima. Msidhani walijadili mfereji. Walijadili kama inawezekana mchambuzi wa kamati kukosea. Mmoja alisema haiwezekani, kwa kuwa kamati iliupitisha ukurasa ule, na kamati haiwezi kupitisha kosa. Mwingine akauliza, kwa uchungu kabisa, "Kama huu ni wa makosa, zile za nyuma je? Hata ule wa kiboko?" Wa tatu akapendekeza iundwe kamati ndogo. Wa nne akapendekeza ziara, kiangazi, barabara zikikauka.

"Honorabule," nikasema, na safari hii hakuna aliyenipa ruhusa, "kiangazi maji hayatakuwepo, wala nyumba. Mvua inanyesha sasa hivi. Twendeni sasa hivi."

Mwenyekiti akatazama dirishani. Mpaka leo sijui kama alitaka kuuona ukweli au alitaka kuukimbia mjadala. Aliinuka akaomba gari.

Tulikwenda magari mawili. La kwanza likazama kwenye tope kabla hata hatujaziona nyumba, la pili likazama likijaribu kulipita la kwanza. Waheshimiwa wakashuka na viatu vyao vya kikao, hapakuwa na hema, hapakuwa na risala, na hakuna aliyekuwa amefagia. Mwenyekiti alifika uwanjani kwa Mama Sifa maji yakimpita juu ya vifundo, suruali ameishika kwa mikono miwili.

"Maji hii inatoka wapi?" akafoka, kama aliyetukanwa.

Mama Sifa alikuwa mlangoni, chini ya ule msalaba mwekundu. Akanyoosha mkono juu, kule kule. "Pale, Honorabule. Ni ile nilisemaka."

Mwenyekiti akapanda mteremko akiteleza, akafika pale mfereji ulipokomea, akasimama muda mrefu mvua ikimnyeshea. Aliposhuka akawatangazia wenzake, "Mabibi na mabwana, nimegundua kitu." Nikamshukuru Mungu kwa ugunduzi wake. Nikaandika ukurasa mpya kabla usiku wa siku hiyo haujaingia: uamuzi wa kubomoa ufutwe, mfereji uendelezwe mpaka mtoni, na nyumba zibaki, "isipokuwa pale utakapopita mfereji". Maneno hayo ya mwisho niliyaweka kwa ukamilifu tu, ndivyo tunavyoandika. Yalitosha vizuri kwenye ukurasa. Kamati ikaupitisha, misalaba ikasuguliwa milangoni kwa majivu na mchanga, na kandarasi yangu ikasainiwa, ingawa mwaka ule walichelewa kuisaini kwa namna iliyonikumbusha mambo.

Baada ya hapo nilifanya kazi miaka mingine mingi. Mzee Deo alistaafu na sweta yake, Mungu amrehemu. Nilichambua mifuko ya plastiki, mchanga wa mitoni, moshi wa tanuri za matofali, miti iliyopandwa kila mwaka kwenye shimo lile lile. Yote hayo mtayakuta makabatini, ukurasa mmoja mmoja, na mengine si mabaya. Hili lililobaki halimo kabatini, na ndilo lililonifanya nikae kuandika.

Kiangazi kilichofuata mvua zile, wapimaji walipita Carama na kamba zao, na kazi ya mfereji ikaanza. Nilikwenda peke yangu, bila ziara, nikitaka nifurahie matunda ya jasho langu. Niliona mafundi wakipanga mawe kushuka mteremko, mstari ulionyooka vizuri. Nikaufuata kwa macho mpaka chini. Mbele yao, katikati kabisa ya mstari, nyumba moja ilikuwa haina paa.

Mama Sifa alikuwa amesimama juu ya kibao, anang'oa misumari ya mabati ya mwisho. Majirani zake wote walikuwepo: yule mjane, wale ndugu wawili, fundi wa baiskeli amekaa chini ananyoosha misumari iliyopinda kwa jiwe. Watu wa ofisi ya mji walikuwa wamemwonyesha kiwanja kingine, mbali na maji na mbali na lengalenga zake.

"Mfereji unapita hapa?" nikamwuliza, kama kipofu.

"Unaona itapita wapi tena? Barabara iko kule, muto iko kule. Katikati ni mi."

"Ulijua lini?"

"Tangu ile siku ya vumbi, ulikuwa unapima na fimbo. Mutu wa hapa anajua maji inataka njia gani." Akanishushia misumari mkononi. "Mufereji ikifika ku muto, nyumba moja itaenda, nane zitabaki. Hata mutoto anahesabu."

Nikakaa juu ya rundo la matofali yaliyokuwa ukuta wake. "Na ukaja mpaka Bwiza na mvua ile, ukijua?"

"Nilikuja kukuambia maji inatoka wapi," akasema. "Nyumba yangu nilikutajia?"

Nikarudi nyuma kichwani, siku ya vumbi, siku ya mvua, ukumbini kwetu alipokuwa akizitaja nyumba moja moja na mimi sikuzihesabu. Hakuitaja. Hakuitaja hata mara moja. Na mimi nilikuwa nimeifuta mistari yake mitatu kwa sababu ni mwenye nyumba, anatetea nyumba yake. Machozi yakanitoka mbele ya watu, mtu mzima.

"Apana kulia, mama," akasema Mama Sifa, akilishusha bati upande mmoja. "Shika huko. Na uangalie mikono, ni kali."